Shuhei Okabayashi, Mrushaji Aliyekomea Ushindi wa Tisini na Tisa

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya ukoo wa Kileo, na kwa ridhaa ya mama mzazi wa marehemu aliyewasili jana kutoka Japani, mimi Elibariki, shemeji yake, nawasomea maisha ambayo hatukutegemea kuyaandika mwaka huu.

Shuhei alizaliwa tarehe 9 Juni 1981 mjini Kochi, Japani, mtoto pekee wa seremala, akasoma hukohuko hadi sekondari, na mwaka 2000 akasajiliwa na timu ya besiboli ya kulipwa, akiwa mrushaji wa mkono wa kushoto, yule anayemrushia mpira mpigaji.

Mwaka 2008 alihamia timu moja ya Dallas, Marekani, na Aprili 2010 kano ya kiwiko ikachanika, akafanyiwa upasuaji Houston, ambako dada yetu Dorothea, muuguzi, ndiye aliyemfunga bandeji na kumkataza kurusha hata taulo. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 2011, Missouri City, wakajaliwa binti, Fiona, mwaka 2013.

Septemba 2014, akiwa na ushindi tisini na tisa, maana katika besiboli ushindi wa timu huandikwa kwa jina la mrushaji, asubuhi ya mechi ambayo ingeweza kumpa wa mia, kiwiko kilimuuma tena. Dorothea aliona, akanyamaza, maana alijua jinsi mumewe alivyoitamani ile mia, lakini Shuhei akamwambia, "Mama Fiona, nikificha, wenzangu ndio watakaofungwa," akaenda kwa kocha, akasema ukweli, na hakucheza tena.

Walihamia Lewisville, akawa anafundisha watoto wa mtaa wao besiboli, kwa Kiingereza cha kubahatisha na Kiswahili alichojifunza kwa mkewe.

Marehemu hakuugua. Jumamosi tarehe 14 Machi 2026 alikunywa chai, akamwambia Dorothea, "Usipike, nitapitia samaki," na saa tano akaanguka uwanjani. Dorothea, aliyekwisha kuokoa wagonjwa wengi kwa mikono yake, alifika na sare ya kazi, akamkandamiza kifua mpaka wahudumu wa gari la wagonjwa wakamwondoa taratibu. Moyo ulikuwa umesimama. Tangu siku hiyo dada yetu hajalia, anatuuliza tu kama tuna uhakika.

Tunawashukuru wahudumu waliohangaika naye, majirani waliopika bila kuombwa, wauguzi waliogawana zamu za Dorothea, na makocha wenzake waliobeba jeneza.

Pumzika kwa amani, shemeji yetu, sisi bado hatujaamini.