Mguu Ulioachwa Mfukoni

Wa kwanza kumwambia binti kwamba kivuli kikinyooshwa, mguu nao hunyooka, alikuwa shangazi yake, siku posa ilipotoka nyumba kubwa ya juu barabarani. Kijana wa nyumba ile alimpenda hivyo hivyo alivyo, na gongo lake kwapani. Mama wa kijana ndiye aliyeweka sharti: bibi harusi aingie kwa miguu miwili iliyonyooka, au asiingie kabisa. Na fundi wa kukata vivuli alibaki mmoja tu, bibi yake, aliyekuwa amelala chumba cha kushonea, pumzi zikimpungua.

"Wahi, malkia, kabla mkasi haujaondoka na mwenyewe," shangazi alimtania, huku macho yamemwiva.

Mchana ule bibi akawaita wote wawili wakae karibu na godoro.

"Nisikilizeni, wanangu, na msinikatize, maana nikinyamaza sijui kama nitaanza tena. Chumba hiki na cherehani ni vya shangazi yako, na asiviuze. Wewe mjukuu wangu umeniomba nikunyooshe, nami nikasingizia macho. Si macho. Vuta ule mfuko wa viraka."

Akauvuta. Chini ya vitambaa vyote palikuwa na kitu cheusi, cha baridi, chepesi kama moshi, chenye umbo la mguu uliopinda.

"Huo ni mguu wa kivuli cha huyo anayetaka kuwa mama mkwe wako. Alikuwa binti wa mfua nguo, akichechemea kama wewe, akapendwa na nyumba ile kama wewe. Aliniomba, nikakata. Akatoka hapa anatembea vizuri mno. Mama yake alikuwa akimngoja pale mlangoni, na alipomwona akampisha kama mgeni, akaendelea kungoja mpaka jua likazama. Alizoea kumjua mwanawe kwa mwendo. Mpaka leo anafua nguo za nyumba ile. Anaitwa mama na mwanawe mwenyewe, naye anadhani ni heshima tu."

Akamwuliza mjukuu, huyo kijana alimjuaje. Mjukuu akajibu polepole kwamba kijana alikuwa akisikia gongo likipita dirishani, akishuka ngazi mbio.

Bibi akaonyesha msumari ukutani.

"Sikukatazi. Mwili ni wako. Mkasi ule pale, shangazi yako ataushika, nami nitamwelekeza. Ila sindano ya mfupa nakuachia wewe. Kilichokatwa hushoneka, lakini asubuhi tu, kivuli kikiwa bado kirefu. Yule wa nyumba kubwa nilimngoja arudi... aliona haya. Wanangu, pendaneni. Popote mtakapoingia... mjulikane. Sasa nifungulieni dirisha."

Asubuhi yake, bibi akiwa bado anapumua kwa mbali, mjukuu aliuacha mkasi msumarini pake. Akachomeka sindano kwenye ukosi, akatupia mfuko begani, akapanda barabara gongo likigonga mawe, mpaka mlango wa mbele wa nyumba kubwa. Mama wa kijana akafungua mwenyewe, akautazama ule mfuko.

"Shikamoo, mama. Njoo usimame hapa juani," mjukuu akamwambia. "Na yule mama anayefua, naomba aitwe naye."