Kipanya Kinachopigapiga Kiganja: Octave Ciza Anapumzika

Maneno ya Koko Generose, mpishi wa atelier. Annie, mwenzetu wa kazi, ndiye aliyeandika.

Baada ya miaka ishirini na sita katika atelier, karakana yetu ya vyombo vya vipofu hapa Uvira, Octave Ciza anapumzika kazi tarehe 30 Juni. Alisema hataki sherehe. Hakuna aliyemuuliza.

Alikuja kijana, nywele zikiwa bado kichwani, kutengeneza mashine za kuandikia. Vita vikampita juu, vya kwanza, vya pili, na vile ambavyo watu waliacha kuvipa majina, yeye akiwa ameinamia meza. Ordinateri, yaani kompyuta, zilipofika, akaona kipofu anaweza kusikia mashine ikimsomea, lakini mkono wake hauna cha kuuongoza. Ndipo likamwingia lile wazo lililoharibu chakula changu cha mchana hadi leo: kipanya chenye mgongo laini, unakipitishia kidole tu, nacho kinakujibu, kinakugusa kiganja kukuambia umefika.

Cha kwanza alikichonga kwa mti, kikubwa kama biringanya. Cha pili alikijaribu akiwa anakula, mkono mmoja kwenye bugali, mwingine kwenye kipanya, kisha akasahau upi ni upi. Meza ile niliisafisha kwa kisu. Cha tatu kina nyaya za redio yangu ya jikoni ndani yake, na Octave mpaka sasa anasema ni panya waliozila.

Mwaka 2017, risasi zilipolia juu ya mji na watu wakakimbilia Kavimvira kuvuka mpaka, kila mtu alibeba godoro na sufuria. Octave alibeba karatoni ya vipanya, miguu bila viatu. Mtu wa douane, mkaguzi wa mizigo mpakani, alifungua, akatazama ndani, akamtazama na mwenyewe, akamwonea huruma akampitisha. Watoto, sufuria na viatu vilikuwa kwa mke wake Libérate.

Katika vita hivyo hivyo, bomu lilichukua macho ya Candide, sekretere wa kooperative, ushirika wa wakulima wa mpunga kule Bwegera. Mkubwa wake alimwambia kiti kitamngoja hadi mavuno. Akishindwa ordinateri, kinapewa mwingine. Akaja kwetu na mtoto mgongoni. Octave akamwahidi, na Octave akiahidi haogi hadi atimize.

Hapo akafanya kosa ambalo ni watu wa huku tu wangelifanya. Ndani ya kipanya alitia mota ndogo ya telefone mbovu, ile inayoitetemesha. Kila Candide alipofika kwenye jina la barua, kipanya kikatetemeka, na kila kilipotetemeka alikiacha akashika mfuko wake, akidhani telefone yake inaita. Kaka yake, Achille, alikuwa amepotelea milimani upande wa Lemera, na rezo ya simu kule inakuja na kwenda; usiposhika mara moja, humpati tena. Octave akapunguza nguvu, akaongeza, akabadilisha mota. Candide aliendelea kuruka. Wala si yeye peke yake: tulipojaribishwa sisi, chumba kizima kilishika mifuko, mimi wa kwanza. Katika mji huu hapakuwa na mtu ambaye hangoji simu.

Octave akakasirika. Akamwomba Candide awe anaiacha telefone jikoni kwangu. Candide akamjibu polepole:

"Papa Octave, kazi naitaka. Lakini kama ni kuchagua, nachagua ile simu."

Octave akarudi mezani kwake. Mpunga ulikuwa umeshaanza kuwa wa njano. Akakaa anamwangalia Candide akibembeleza mtoto, anampigapiga mgongoni kwa kiganja, pole, bila hata kufikiri. Kisha akaja kuniomba kipande cha blanketi ninachoshikia sufuria. Nikamnyima. Akakikata hata hivyo.

Mota akaitupa. Chini ya mgongo wa kipanya akaweka kijiti chepesi kilichovishwa blanketi, kinachopiga kiganja jinsi mama anavyopiga mgongo wa mtoto: mara moja, umefika, mara mbili, barua imefunguka. Candide alikaa nacho asubuhi nzima bila kuruka. Mkono ulikuwa juu yake, anasikiliza mashine ikimsomea barua ya wakulima, mfuko wake ulipotetemeka. Sisi wengine hatukujua kitu. Yeye alikuwa ameshashika.

"Achille," akasema. "Weye iko wapi?"

Alikuwa Lemera, mzima, na njaa, anauliza kama tumembakizia ndagala, vile visamaki vya ziwani. Octave alitoka nje kuangalia mvua. Mvua haikuwepo.

Mavuno yakafika, Candide akarudi Bwegera kwenye kiti chake, na hadi leo ndiye anayekikalia. Vipanya vya namna ile sasa viko mikononi mwa vipofu wengi kando ya ziwa. Octave anasema ni teknolojia. Minye nasema ni blanketi yangu.

Asante, mtoto wangu. Ulikuwa mchafu, mkaidi na mwizi wa waya, na hakuna kipofu uliyemrudisha mikono mitupu. Nenda ukapumzike na Libérate, uvae viatu, ule ukitazama sahani. Maisha yako yawe matulivu, na yeyote atakayekugusa mgongo akuguse pole. Siku utakayotukumbuka, piga simu. Mifuko yetu ikitetemeka, tutaacha vipanya, nami nitaacha sufuria iungue, tushike.