Pambio za Mama Nelima Kwenye Suichibodi

Tarehe 30 Juni 1998, baada ya miaka kumi na tisa kwenye suichibodi ya simu ya kiwanda chetu cha nyavu hapa Kisumu, Mama Jentrix Nelima atavua kisikizio chake kwa mara ya mwisho. Kukivua, lakini, si jambo geni kwake.

Tangu aajiriwe, kila alipomaliza kuunganisha simu alikivua, akakitundika kwenye chupa ya chai na kuanza pambio kwa sauti iliyofika getini. Wageni walidhani ni furaha tu. Sisi tulijua: akiimba, hasikilizi. Chini ya pambio hizo watu walichumbiana, wakalilia wagonjwa wao, wakamsengenya mhasibu, na hakuna neno lililowahi kutoka kwenye kile chumba.

Mwaka 1992 ililetwa suichibodi mpya ya elektroniki, yenye kitufe chekundu cha kusikiliza laini yoyote. Wafanyakazi walikuwa wakipanga kuunda chama chao cha kutetea haki. Meneja wa wakati ule akamwamuru Mama Nelima abonyeze na kumpelekea majina, la sivyo Ijumaa angefutwa. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne shuleni. Akajibu kwamba kazi yake ni kuunganisha watu, si kuwachungulia.

Ijumaa meneja akatukusanya mapokezi, mlangoni pa chumba cha suichibodi, fundi atuonyeshe kwamba kitufe kinafanya kazi hata bila Mama. Akabonyeza. Kumbe mke wa meneja alikuwa ofisini kwa mumewe, akimpigia dada yake wa Asembo Bay! Spika ya suichibodi ikanguruma:

"Wewe Dorca, huyu bwana wangu huku kazini ni simba. Lakini nyumbani, wololo! Anaogopa..."

Mama Nelima akalipuka kwa pambio. Aliimba beti zote, akapiga makofi, akarudia kiitikio, hadi fundi akaitikia badala ya kuzima. Tulitega masikio mpaka shingo zikauma. Wapi! Hadi leo hatujui meneja alikuwa akiogopa nini.

Meneja mwenyewe alijua, na alijua pia nani alimsitiri. Kabla ya chai ya saa nne kitufe kilikuwa kimeng'olewa. Mama akabaki kazini, na chama kikaundwa.

Mama, zawadi yako ni kitufe kile kile, ndani ya fremu ya mbao. Kitundike sebuleni kwako Pap Onditi, nyumbani kwa marehemu mumeo, Mzee Oduor, ukibonyeze upendavyo: hakijaunganishwa popote. Asante kwa kutuachia maneno yetu yawe yetu. Pumzika vizuri, ule samaki, uimbe. Nasi huku, tukishika simu, tutatega sikio kwanza kama unaimba, ndipo tuseme.