Jina Nililompa Mbwa Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na aliyeona uvivu kuitika kwa mdomo aitike moyoni, maana haya ninayoyaleta leo yamenitoka mbali.

Mchungaji alinipa dakika tano nisimame mbele yenu. Nikamwambia hazinitoshi, nitaandika, kwa sababu kuandika ninajua. Wengi wenu mnanifahamu. Mimi ndiye mwenye nyumba ya mabati ya buluu hapa Mkongani, ile inayoonekana tangu barabarani. Mimi ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kushika diploma. Nilikwenda Qatar kuosha sahani, na nilipoondoka huko baada ya miaka kumi na mmoja nilikuwa msimamizi wa walinzi, watu wa mataifa manne wakiniita bosi. Diploma yangu ya mambo ya usalama niliisomea baada ya zamu, miguu ikiwa imevimba. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Leo ninafundisha walinzi wa majumba ya Diani, na mlinzi niliyemfundisha mimi utamjua tu kwa anavyosimama. Nayasema haya ili mjue Mungu alimtoa mtu wa namna gani shimoni.

Shimo lenyewe nililichimba siku niliyorudi nyumbani.

Nina kaka mmoja, Hamisi, mkubwa wangu, tumbo moja. Yeye ni Mwislamu kama alivyokuwa baba yetu. Mimi niliokoka huko Ughaibuni. Dini haikututenganisha hata siku moja. Tulitenganishwa na msingi wa nyumba. Nilipoanza kujenga, Hamisi alikuja akaniambia kwa upole kwamba nimekata njia ya ng'ombe ya kwendea majini, na akaniomba nisogee hatua chache tu. Nikamjibu kwamba ramani iliyochorwa na mtu wa diploma haisogezwi kwa ajili ya ng'ombe. Hakubishana. Tangu siku ile aliwazungusha ng'ombe wake juu kwenye kilima, asubuhi na jioni, na mimi nikauita ukimya wake wivu. Nikaacha kumwamkia. Miaka miwili, ndugu zangu, mkubwa wangu wa tumbo moja hakusikia shikamoo kutoka kinywani mwangu! Na namba yake ya simu nikaifunga isiniingie.

Wakati huo ndipo nilipompata mbwa. Mwenye nyumba mmoja wa Diani alikuwa akihama, akaniachia mtoto wa mbwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limekataa. Nanyi mnajua desturi yetu. Mtu wa huku akiwa na neno kwa jirani yake na hataki kwenda kumwambia, humpa mbwa jina, kisha kila jioni anamwita mbwa kwa sauti na jirani anapata barua yake. Mimi nilimwita wangu Mtachoka. Mtachoka kunisema, mtachoka kunionea wivu. Nilisimama kwenye baraza yangu, nikageukia boma la Hamisi, nikaita, "Mtachoka! Mtachoka, njoo!" hata kama mbwa alikuwa amelala miguuni pangu.

Lakini Mungu ana njia zake. Mbwa niliyemchukua kwa ugomvi akawa ndiye rafiki yangu wa pekee. Anayerudi kutoka Ughaibuni watu humsalimia sana mwezi wa kwanza. Baada ya hapo anabaki na masanduku yake. Mke wangu alikuwa zaidi kwao Msambweni akimuuguza mama yake. Mimi nilikuwa nikila na Mtachoka, nikimweleza habari za kazini, nikimfundisha amri kwa Kiarabu cha Doha. Nikirudi kutoka Diani alinipokea langoni na ndala yangu mdomoni. Ndala moja, kila siku ya kushoto. Nilijaribu kumfundisha kuleta zote mbili, akashindwa, au akakataa. Hata walinzi wenye shule huwa wanakataa.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nilikuwa nimekwenda Diani kwa siku nne, kufundisha kundi jipya. Chakula cha mbwa nilimwachia mama yetu, anayekaa bomani kwa Hamisi na hana simu. Niliporudi, jua likiwa bado lipo, hakuna aliyenipokea langoni. Niliita, kimya. Nikavuka kwenda kwa mama. Nilipopita nyuma ya zizi nikamwona Hamisi amechuchumaa kando ya pipa la maji. Alikuwa akijisugua mikono hadi kwenye viwiko kwa udongo mwekundu, kisha akijimwagia maji, akihesabu kwa sauti ya chini. Alifika saba. Pembeni yake palikuwa na panga, na panga lilikuwa na damu.

Ndugu zangu, nimelelewa katika nyumba ile. Mwislamu wa kwetu akiguswa na mate ya mbwa hunawa mara saba, na mara moja iwe kwa udongo. Sikuhitaji kuambiwa alichokuwa amekishika.

Nikamuuliza mbwa wangu yuko wapi.

Akasema, "Amekufa. Nimemzika kule chini. Sikiliza, ndugu yangu..."

Sikusikiliza. Nilimwita muuaji mbele ya mama, mbele ya mkewe na ng'ombe wake. Nilimwambia ameshindwa kunifikia mimi, ndiyo sababu amemfikia asiyeweza kusema. Mama alijaribu kuingia katikati, nikamwambia akae pembeni, neno ambalo hadi leo linaniuma. Hamisi alisimama tu, maji yakimdondoka mikononi. Kesho yake nilikuta mkanda wa shingoni wa Mtachoka umetundikwa kwenye kitasa cha mlango wangu. Nikasema, ona, ananicheka.

Wiki tatu zilizofuata sitaki kumtakia mtu. Nilikuwa nikipika wali wa watu wawili kwa mazoea, kisha ninasimama nao mkononi. Ndala ya kushoto niliiacha pale langoni alipoiangusha mara ya mwisho, nikawa naizunguka nikipita. Nilimlilia mbwa, ndugu zangu, mimi mtu mzima mwenye diploma, na nilipothubutu kumgusia mwenzangu mmoja wa kwaya alinicheka akasema mbwa ni mbwa, utapata mwingine. Niliitikia kwa kichwa kama nimekubali. Kumbe chuki nayo ilikuwa inakula chakula changu. Nilikuja hapa kanisani Jumapili zote tatu, nikaimba, nikainua mikono, na mikono ile ile ilikuwa imekwisha kupanga safari.

Ninaomba radhi mbele yenu kwa ninalolitamka sasa. Niliamua kwenda kwa mganga. Nilimchagua wa mbali, upande wa Majoreni, nisionekane na muumini yeyote. Nilikuwa nimesikia kwamba ukimpelekea kitu cha marehemu, anakitilia dawa, na aliyeua anavimba tumbo mpaka aungame, na wengine hawawahi kuungama. Nililisikia hilo la mwisho vizuri. Nikautia mkanda wa Mtachoka mfukoni, nikavaa shati langu jeupe, nikaondoka asubuhi.

Pale njia panda ninapongojea bodaboda anakaa Bi Mejumaa, anayekaanga muhogo. Nilimpa shikamoo, nikasimama kando. Mkanda ulikuwa mrefu, ncha yake ikachungulia mfukoni. Mama yule akauangalia.

"Huo si wa Mtachoka?" akaniuliza.

Nikasema ndio, amekufa.

Akaacha kugeuza muhogo. Akasema, "Pole, mwanangu. Basi Hamisi hakumuwahi. Siku mbili alipita hapa akimwita, sauti imemkauka kabisa. Nikamtania, nikamwambia, wewe Hamisi, leo unajitukana mwenyewe barabarani? Akanijibu, Bi Mejumaa, mbwa haitikii jina jingine."

Ndugu zangu! Niliketi kwenye benchi lake bila kukaribishwa. Niliona picha yote. Kaka yangu, mtu mzima mwenye kofia yake, anapita mashamba ya watu akipaza sauti kwa tusi nililomtungia yeye. Watoto wanacheka. Wanawake wanasimamisha majembe. Naye anaita, anasikiliza, anasogea, anaita tena. Mimi nilikuwa nikilitaja jina lile ili Hamisi asikie. Hamisi alilitaja ili mbwa asikie.

Nikatoa simu. Nikafungua pale zinapokaa simu za watu niliowazuia. Zilikuwa kumi na saba, zote za Hamisi, za siku zile mbili nilizokuwa Diani nikifundisha watu namna ya kulinda.

Bodaboda alifika, akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia ninarudi nyumbani. Akasema nyumbani kwako si hapo tu, unaweza kutembea. Nikatembea.

Nilimkuta Hamisi anakamua. Nilisimama mlangoni mwa zizi, na kila neno nililolipanga likapotea. Nikasema, "Shikamoo, kaka."

Aliendelea kukamua kidogo. Kisha akasema, "Marahaba. Shika hili bakuli, mikono yangu imejaa."

Nikalishika. Hapo ndipo aliponieleza, bila kunitazama. Mbwa alipotea siku ya pili baada ya mimi kuondoka. Mama aliona chakula hakijaliwa, akamwambia. Akanipigia simu, haikuingia, akaenda kutafuta mwenyewe. Kesho yake mchana, siku ile niliyorudi, alimsikia akilia kule bondeni. Alikuwa amenasa katika mtego wa waya wa kutegea nguruwe pori, umemwingia kiunoni. Ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, akaikata kwa panga, damu ya mbwa ikalilowesha, akambeba mikononi apande naye kilima. Mbwa alikuwa akimlamba mikono njia nzima. Kabla hawajafika zizini alikata roho.

"Nilimzika hapo hapo," akasema. "Nilitaka kukuambia. Lakini ulikuja na hukumu yako mkononi, sikuona pa kuweka neno."

Nikamuuliza kwa nini alihangaika hivyo kwa mbwa mwenye jina lile.

Akacheka, ndugu zangu! Akasema, "Jina alipewa na wewe. Yeye kosa lake nini?"

Nililia pale na bakuli la maziwa mkononi, na Hamisi aliniachia nilie, isipokuwa aliniambia mara moja niangalie nisimwage. Hakuniambia mbwa ni mbwa. Wiki tatu sikuwa nimempata mtu wa kuyasikiliza majonzi yangu, na mtu huyo alikuwa hatua mia moja kutoka kwenye baraza yangu. Jioni ile tulishuka pamoja hadi kwenye kaburi. Nilikuta amelizungushia mawe ili fisi wasifukue. Mkanda nikaulaza juu ya mawe, na ile ndala ya kushoto nikaiweka kando yake. Nilirudi nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia la mahindi. Nililala, nikaamka asubuhi nina njaa.

Mama nilimpigia magoti, akanifinya sikio kama nilipokuwa mtoto, yakaisha. Na wiki iliyopita niliibomoa sehemu ya ua wangu wa nyuma, nikafungua njia. Ng'ombe wa Hamisi sasa wanapita kando ya jikoni kwangu kwenda majini. Ramani imesogea, na diploma bado iko ukutani, haijaanguka.

Namshukuru Mungu aliyenisimamisha njia panda kwa mkono wa mama wa muhogo. Namshukuru kwa Mtachoka, aliyenipenda nilipokuwa sipendeki. Bado ninamkumbuka, na nikifika langoni macho hutangulia kutafuta ndala. Lakini sasa kumbukumbu inauma kama majonzi, haiumi kama sumu.

Na wewe unayesoma, kama kuna namba uliyoifunga, ifungue leo. Kama kuna mkubwa wako hujamwamkia, nenda. Mtumaini Bwana, hakuna mtu aliyemwona shimoni akampita, hata kama mtu mwenyewe ndiye aliyelichimba shimo na kulipimia kwa ramani.

Nimepata mbwa mwingine, mdogo, masikio yote mawili yameanguka. Hana jina bado, tunamwita kwa mluzi. Hamisi amesema safari hii jina atatoa yeye, na liwe jina ambalo mtu anaweza kulipigia kelele kijiji kizima bila kuona haya. Nimemkubalia. Anafikiria, na hana haraka.