Breki ya Kumbebea Mama Mkwe

Kwenye basi tulilopanda kutoka Kondoa kwenda Dodoma, Silvano, niliyekaa naye, alikuwa anajisifu kwa mzee aliyekaa kiti cha nyuma yake. Kwenye pikipiki yake kuukuu ameng'oa breki ya nyuma ya zamani iliyokuwa haishiki, akafunga ya diski.

"Zamani nilitegemea ya mbele. Nikiishika, abiria ananilalia mgongoni. Sasa mama mkwe anilalie mgongoni, si aibu? Akagoma kupanda. Kanisani akawa anakwenda kwa mguu, na goti lake bovu."

"Aligoma kwa adabu," mzee akasema. "Mkwe habebwi kwa pikipiki."

"Jumapili nimembeba, mzee. Mteremkoni mbuzi wakakatiza. Nikakanyaga ya nyuma, tukatulia. Kati yetu Biblia ingekaa bila kubanwa. Akaniambia, 'Twende baba, tutachelewa.'"

Kwangu mimi niliyekuwa nasikiliza, kauli hiyo ya mama mkwe inazidi leseni ya udereva.

"Mbuzi ni wadogo," mzee akasema. "Subiri ng'ombe."

Tulipofika Chemba dereva akashika breki ghafla. Mzee akarushwa mbele, akajikuta amemkumbatia Silvano shingoni.

"Shikilia tu, mzee," Silvano akasema. "Wewe si mkwe wangu."