Mikono ya Kumwombea Ng'washi

Kijiwe cha Mtendeni ni benchi moja la mninga, birika la Josepha muuza chai juu ya makaa, na wanaume watatu wanaojua kila kitu. Ijumaa hiyo baada ya swala walikuwa wamebanana ilhali nafasi ipo, maana hakuna aliyetaka kukalia ncha ya benchi, pale anapokaa Shigela wa mkokoteni. Shigela alikwenda kwao Usoke kumuuguza binti yake, Ng'washi. Figo zimegoma, hospitali wamemruhusu arudi nyumbani. Siku ya kuaga hakusema mengi. "Niombeeni mtoto." Wakaitikia kwa sauti moja, "Tutamwombea, ndugu yetu," kama mtu anavyoitikia hodi. Josepha naye aliitikia, huku akisuuza vikombe.

— Kosa la Shigela ni kuchanganya, alisema Sabiri, fundi feni aitwaye Maalim kwa sababu ya kanzu, si kwa sababu nyingine. Kabla hajaondoka nilimwona msikitini, safu ya nyuma. Jumapili yake alikuwa wapi?

— Kwetu, alijibu Gerson Tarumbeta, mpulizaji wa kanisa la Moravian. Alilia mpaka nikapotea kwenye wimbo.

— Umeona! Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Na kuinama ni kwetu. Mikono unaikunjua hivi, kama unapokea unga.

— Ukikunjua, sala zinamwagika, Maalim! Sisi tunafumbata, hivi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wote mnapiga namba isiyotumika, alidakia Kulwa, Profesa wa magazeti ya kufungia maandazi. Mnyamwezi anapiga makofi, polepole, anawaita wazee wake kwa majina. Babu wa babu yangu alibeba pembe toka Ujiji mpaka pwani, akarudi mzima. Unadhani nani alimwombea?

— Na waliofia njiani, Profesa, hawakupiga makofi? aliuliza Josepha.

— Walianza na mkono wa kushoto, mama.

Sabiri hakukubali kuachwa nyuma.

— Sikilizeni. Feni moja huipeleki kwa mafundi watatu. Kila mmoja atasema mwenzake ndiye aliyeichoma. Na huko juu ni hivyohivyo.

— Siyo, mzee. Huko juu kuna foleni, alisema Gerson. Ombi likipita milango mitatu, wanadhani ni wagonjwa watatu, uponyaji unagawanywa mafungu. Si tulisikia mtoto amepungua kuvimba miguu? Hilo fungu moja. Uso umebaki, unangoja mengine.

— Fungu la miguu ni letu, alisema Sabiri.

— Lenu kwa hati gani?

Sabiri alikunjua viganja, Gerson akafumbata vyake hadi vikapauka, Kulwa akapiga makofi. Josepha aliwatazama. Mpita njia, aliwaza, angedhani wanasali.

Mpita njia alikuwapo. Mwanamke, miguu ina vumbi la safari, kanga imefungwa kiunoni kwa nguvu.

— Shikamooni. Hapa ndipo anapokaa Shigela?

— Marahaba. Ndipo, mama. Karibu.

Akakaa palepale, kwenye ncha ya benchi.

— Mimi ni mama Ng'washi. Baba yake hajapata nguvu ya kuja. Mtoto tumemzika. Jana tumeanua matanga.

— Pole, mama, walisema, kila mmoja kwa wakati wake. Mikono ilikuwa imeshuka.

— Nimeshapoa. Baba yake kila jioni alikuwa anamwambia, "Mtendeni kuna watu wanakuombea, kila mmoja kwa dini yake." Mtoto alipenda sana hilo neno. Usiku maumivu yakimzidi ananiuliza, "Mama, na sasa hivi wako macho?" Namwambia wako macho.

— Nikasema siwezi kuwaacha mkiendelea kuhangaika wakati mwenyewe ameshakwenda. Nimekuja kuwaambia mpumzike, na kuwapa mkono wa shukrani. Nani alikuwa anamwombea, nianze naye?

Akanyoosha mkono. Sabiri alikuwa anatafuta kitu ndani ya kanzu. Gerson alitia mikono yake mifukoni. Profesa alikuwa ameikalia yake. Macho ya yule mama yakapita benchi zima, yakafika kwa Josepha.

Josepha akashika birika, apate cha kushika, akaliinamisha juu ya kikombe cha mgeni. Yalitoka machicha matupu. Akaendelea kumimina.