Fundi Sufiani na Gurudumu Lililokataa Kulala

Wafanyakazi wote wa shambani na kiwandani, wa kudumu na vibarua, pamoja na wale wanaojifanya wako kazini, mnaarifiwa kwa heshima zote kwamba kuanzia Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, kopo la oili lenye mdomo uliopinda, ambalo hakuna aliyewahi kuruhusiwa kulishika, litakuwa halina mwenyewe. Mnaombwa kuwa watulivu katika kipindi hiki.

Siku hiyo ndipo Ndugu Sufiani Mhina, fundi wa mitambo ya korona, anapostaafu baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi katika kiwanda chetu cha mkonge. Wengi wetu hatukuwahi kukiona kiwanda hiki bila yeye. Wapo wanaoamini alikuja pamoja na mashine, ndani ya sanduku lilelile.

Ukweli ni kwamba alikuja kutoka upande wa Handeni, kwa wakulima wa mahindi. Akiwa kijana alitumwa Korogwe na gunia la mahindi ya kusaga. Alipofika mashineni akasimama kuutazama mkanda unavyokimbia kutoka pulii moja kwenda nyingine, akajiuliza kwa nini pulii ndogo ina haraka na kubwa haina. Alipopata jibu, gunia lilikuwa limeondoka na mtu mwingine. Mama yake hakumsamehe upesi, na kijana akaona ni afadhali abaki hukuhuku atafute kibarua. Alianza kwa kubeba matita ya majani, akahamia kwenye makapi, kisha akapewa kazi ya kupaka grisi. Siku alipokabidhiwa lile kopo ndipo alipoacha kutafuta kazi nyingine.

Kwa wageni watakaosoma karatasi hii sherehe ikichelewa kuanza, na itachelewa: korona ni mashine inayolikwangua jani la mkonge mpaka zibaki singa tupu, yaani nyuzi zake. Majani hupangwa juu ya meza ndefu yenye mbao zilizofungwa kwenye mnyororo. Mnyororo unakwenda mbele kwa juu ukiyapeleka majani kwenye visu, kisha unarudi kwa chini, ndani ya shimo refu lenye giza na ubaridi. Kinachouburuta ni gia moja kubwa, inayomfika mtu mzima kifuani.

Fundi Sufiani alipenda kufundisha, hasa watu ambao hawakuuliza. Gia ndogo, alisema, inakimbia ili kubwa itembee, na kile inachopoteza kwa mwendo kubwa inakipata kwa nguvu. Gia mbili zinazoshikana meno haziwezi kwenda upande mmoja. Hii ikienda kulia, ile lazima iende kushoto. Alidai ndivyo walivyoishi na mkewe, Bi Zamda, pale Manundu, na ndiyo sababu kazi imefanyika. Bi Zamda anasema gia ndogo alikuwa yeye.

Mafunzo yake mengine hayakuchekesha. Kwenye pampu ya maji kuna gurudumu na mkono wa chuma: gurudumu linazunguka, mkono unakwenda na kurudi. Katika kila mzunguko kuna mahali ambapo mkono na gurudumu vinanyooka kwenye mstari mmoja. Pampu ikisimama hapo, sukuma utakavyo haiondoki, kwa kuwa nguvu yote inaingia katikati ya gurudumu na hakuna inayobaki ya kugeuza. Mahali hapo Fundi Sufiani alipaita kaburini. Asubuhi akikuta mkono umelala kaburini alichukua mtaimbo, akalisogeza gurudumu kidogo tu, akalipa pole kwa sauti ya chini. Waliokuwa nyuma yake walirudi hatua.

Tufike sasa kwa Babu, maana bila Babu wasifu huu ungemalizikia kwenye grisi.

Ile gia kubwa ilipata kuvunjika jino zamani, kabla ya enzi ya mzee wetu, likachomelewa jingine kwa kipande cha chuma kinene kuliko kilivyotakiwa. Upande ule ukawa mzito. Kitu kinachozunguka kikiwa na upande mzito, ukikiacha huru, upande huo utatafuta chini. Basi mitambo ikizimwa mchana, watu wakitoka kwenda kula na banda likabaki na joto na harufu ya makapi, gia hii ilikuwa haisimami. Ilirudi nyuma yenyewe, polepole, ikapita kidogo, ikasita, ikarudi tena, kama mtu anayejigeuza kitandani, mpaka lile jino lilale chini kabisa. Hakuna aliyeishika. Ilitoa mlio mwembamba, kisha kimya.

Wafanyakazi wa zamani waliiita Babu. Ukiingia bandani wakati wa kimya unaiamkia, shikamoo Babu, ndipo unapita. Inasemekana yupo aliyepita bila kuamkia akapoteza kidole. Jina lake halijulikani, kidole ndicho kinachojulikana, na kila anayesimulia anakionyesha kwenye mkono wake mwenyewe. Fundi Sufiani aliijua sababu ya chuma kizito tangu mwanzo. Hakuwahi kusema Babu yupo, wala hakuwahi kusema hayupo. Alilipaka lile jino rangi nyeupe, akaacha watu waendelee kuogopa. Kopo lake likawa salama.

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuacha hata siku alipokuwa na homa. Kabla ya kuvuta mtaimbo wa kuhamisha mkanda, kutoka pulii inayozunguka bure kwenda pulii ya kazi, alipaza sauti: "Mikono!" Kila aliyemo bandani aliinua mikono yote miwili juu mpaka yeye aridhike. Mkono ulio hewani hauwezi kuwa kwenye meno ya gia. Marundo ya majani kule ndani ni marefu, hivyo waliokuwa nyuma yake hawakuonekana, ilionekana mikono tu. Mgeni akiingia dakika hiyo alikuta mikono yenye glovu, ya kijani kwa utomvu wa mkonge, imeota juu ya marundo, mingi, haina wenyewe, imetulia. Mkaguzi mmoja alitoka nje akasema atatukagua kupitia dirishani.

Mwaka juzi, msimu wa joto, ulifika mchana ambao hatutausahau.

Yusta, mmoja wa akina mama wanaofagia chini ya meza, alikuwa na mtoto mchanga nyumbani Kwamndolwa. Mchana alikimbia kwenda kunyonyesha na mara nyingine akachelewa kurudi. Mnyapara wetu, Jabiri, alikuwa amemwonya mbele ya watu kwamba akichelewa tena asihangaike kurudi. Siku hiyo Yusta hakwenda. Usiku wa kuamkia siku hiyo mtoto hakulala, na yeye hakulala, na chakula cha mchana kilipokuja alikiacha, akateremka kwenye shimo la mnyororo kupata ubaridi. Akakaa chini, akaegemeza mgongo kwenye mbao za meza. Usingizi ukamchukua hapo.

Shoga yake Maryamu hakulijua hilo. Alijua tu kwamba kazi inaanza na Yusta haonekani, na akaamini yuko njiani kutoka Kwamndolwa. Akafanya alichoona rafiki anapaswa kufanya. Alichukua glovu za Yusta, akazivisha kwenye vijiti viwili, akavifunga mgongoni kwa khanga ili mikono yake mwenyewe ibaki huru kuinuka, akajiweka nyuma ya rundo.

Trela zilikuwa zimepanga foleni juani, na jani la mkonge likishakatwa halina subira. Injini ikawashwa, mkanda ukawa unakimbia kwenye pulii ya bure. Fundi akaita mikono. Mikono ikainuka, miwili miwili, kila mmoja mahali pake. Jabiri akaikagua, akageuka.

"Imetimia, fundi. Vuta."

Fundi Sufiani hakuvuta. Alikuwa anatazama gia.

"Babu hajalala," akasema.

Wengine wakacheka. Kisha wakatazama alikokuwa anatazama, wakaacha. Jino jeupe halikuwa chini. Lilikuwa limesimama ubavuni, mahali ambapo miaka yote hakuna aliyepata kuliona likipumzika, kama lililoshikwa na mkono. Na halikuwa limetulia. Lilipanda kidogo sana, likashuka kidogo sana, likapanda, likashuka, bila haraka.

Jabiri alimwambia fundi kwamba yeye anajibu kwa meneja, hajibu kwa Babu wa mtu. Fundi akamjibu kwamba basi akamwite meneja aje avute yeye. Kisha akaita mikono mara ya pili, na mikono ikainuka ileile, yote. Akaikodolea macho kwa muda mrefu mpaka mabega yakaanza kutuuma.

"Chezesheni vidole."

Banda zima likachezesha vidole. Ukiwa umesimama mlangoni uliona vidole vya kijani vinatambaa hewani juu ya majani, vingi, vinapindana kama vina mazungumzo yao. Isipokuwa nyuma ya rundo la kushoto. Pale palikuwa na mikono miwili ambayo vidole vyake havikucheza. Ilikuwa imesimama juu, imenyooka, imetuelekea.

Hakuna aliyeshusha mkono. Mtu mmoja akaanza kusoma dua, mwingine upande wa pili akaanza Salamu Maria, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kiwanda hiki hakuna aliyemwambia mwenzake apunguze sauti.

Fundi Sufiani akauliza, bila ukali, kama anayebisha hodi kwa mtu asiyemfahamu, "Wewe mwenye mikono hiyo, ni nani?"

Mikono ile ikaanza kutetemeka. Mmoja ukainama polepole, vidole vikaning'inia kuelekea chini, na glovu ikavuka na kuanguka. Hapakuwa na mkono ndani yake.

Kutoka nyuma ya rundo ikasikika sauti ya Maryamu akilia. "Ni ya Yusta, baba. Hajarudi. Amekwenda kunyonyesha."

"Hajaenda mahali," fundi akasema, akaonyesha lile jino jeupe lililokuwa linapanda na kushuka. "Yuko huku chini. Si unaona anapumua?"

Injini ikazimwa. Watu wakateremka shimoni na kumkuta Yusta pale, mgongo wake umeziegemea mbao, uzito wake umeuvuta mnyororo na mnyororo umelizuia gurudumu, na kila pumzi yake ilikuwa inafika mpaka kwenye jino. Mtaimbo ule ungevutwa, mbao zingemburuta moja kwa moja mpaka kwenye gia, kabla hata ya mtu kusikia. Walipomwinua, kule juu gia ikapiga mlio wake mwembamba, ikageuka yenyewe, ikapita, ikasita, ikarudi, ikalala. Mnyapara Jabiri, ambaye siku zote alisema haamkii chuma, alisikika akitoa shikamoo kwa sauti ndogo.

Maryamu alitegemea kupigwa, au kufukuzwa. Fundi alimngoja amalize kulia, akamwambia, "Siku nyingine mfichie mwenzio kwa mdomo. Mikono usinichezee." Halafu akakaa juu ya tita la majani na kuomba maji.

Korona haikuwashwa tena siku hiyo. Majani yaliyokuwa kwenye trela yaliharibika, na meneja alipokuja kuuliza nani atawajibika, Jabiri mwenyewe alijitokeza akasema kosa ni lake, alikuwa amewatisha watu mpaka wakaogopa kusema ukweli. Hilo nalo tuliandike, kwa kuwa si kila wasifu una mnyapara wa namna hiyo. Kuanzia wiki iliyofuata, mama anayenyonyesha anatoka mchana bila kujificha na anarudi bila kukimbia. Shimo limewekewa mlango wenye kufuli. Glovu zinavuliwa kwanza ndipo mikono inainuliwa, na vidole vinachezeshwa. Vijana wanaoajiriwa siku hizi wanadhani ni mazoezi ya viungo.

Fundi Sufiani hakupenda habari hii isimuliwe. Tulipomwomba ruhusa ya kuiandika alisema tuandike kuhusu beringi. Kuhusu beringi basi tuseme hivi: katika muda wake wote hakuna beringi iliyoungua kwa kukosa grisi, na zilizokufa zilikufa kwa uzee, yeye akiwa pembeni. Alikuwa mgumu, mwenye maneno, mchoyo wa spana, na alinuna mwezi mzima mtu alipoipaka gia rangi ya bluu bila kumwuliza. Lakini jioni tulirudi makwetu Makuyuni, Manundu na Kwamndolwa tukiwa na vidole vyetu, na hilo si jambo la kawaida kwenye kazi kama hii.

Fundi Sufiani, tunakushukuru kwa niaba ya kila aliyewahi kuinua mikono mbele yako. Nenda ukapumzike na Bi Zamda. Mungu akupe afya, mahindi ya Handeni yakuitikie, na asubuhi zako ziwe za kuamka unapotaka. Ukitukumbuka, pita; utatukuta.

Yusta naye tulimwomba aseme machache kwa ajili ya karatasi hii. Amesema kwamba siku ile walipomfikia alikuwa ameshaamka, alikuwa anatafuta ndala moja tu.